Makro ya kusafisha ripoti ya maziwa: inachelewa, na inaweza kukupunja

Leo naomba chanjo na malisho tuviweke pembeni kidogo, tuzungumze kuhusu kompyuta. Usiondoke, maana hili ni suala la hela yako ya mwisho wa mwezi.

Vikundi vingi vinavyopeleka maziwa kiwandani hupata ripoti ya mapokezi kila mwezi. Ripoti inatoka kwenye mfumo wa kiwanda, inakuja kama faili la maandishi, na imepangwa ili ichapwe kwenye karatasi, siyo ili mtu aipigie hesabu. Kila ukurasa unarudia vichwa vya juu. Katikati kuna mistari mitupu. Namba ya mfugaji imeandikwa mara moja tu, kwenye siku yake ya kwanza, chini yake ni patupu mpaka mfugaji mwingine aanze. Lita pengine zimeandikwa 8.5, pengine 8,5, pengine 8.5 L. Na kila mfugaji akiisha kuna mstari wa JUMLA.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kina wafugaji 60. Asubuhi na jioni, siku 30: hiyo ni mistari 3,600 ya mapokezi, bado hujaongeza takataka. Kwa mkono huwezi. Kijana mmoja wa kikundi akatengeneza makro kwenye Excel, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe ukibonyeza kitufe. Alitumia ile njia ya kurekodi: unafanya kazi mara moja, Excel inaandika ulichofanya, kisha unarekebisha hapa na pale. Ni kazi nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kusomea programu, na nampa heko.

Tatizo ni kwamba ikibonyezwa, mtu anaenda kukata majani na kurudi ndipo anaikuta imemaliza. Wakati mwingine laptopu inaganda kabisa. Kwa mkataba wao, malalamiko ya lita yanapokelewa ndani ya siku tatu tu tangu ripoti itoke. Katibu akipata umeme jioni ya siku ya tatu, na makro ikaganda, basi mwezi huo hakuna kuhakiki. Wanasaini kilichoandikwa.

Kwa hiyo tuliifungua tukaangalia ndani. Sehemu iliyokuwa inakula muda ni hii:

For i = 1 To 20000
    Cells(i, 2).Select
    If Selection.Value = "" Then
        Selection.EntireRow.Delete
    End If
Next i

Kwa Kiswahili: anza mstari wa kwanza mpaka wa 20,000. Nenda kwenye safu ya pili, ile ya tarehe. Kama ni tupu, futa mstari mzima. (Ninaposema mstari namaanisha ule wa kulala, safu ni ile ya kusimama.)

Fikiria unavuna nyanya. Umechuma moja, unaibeba mpaka kwenye gari, unaiweka, unarudi shambani kuchuma nyingine. Nyanya zote zitafika, lakini mpaka lini? Mtu mwenye akili anajaza kreti kwanza. Makro hii inabeba nyanya moja moja. Kila neno Select ni safari: Excel inahamisha kishale, inachora skrini upya, ndipo inasoma seli moja. Halafu inarudia.

Kufuta mstari ni kubaya zaidi. Ukiufuta mstari wa 10, yote iliyo chini yake lazima isogee juu hatua moja, kama foleni ya benki pale mtu wa mbele anapotoka. Kama kwenye faili hilo kuna fomula zinazosoma data ile, nazo zinapigwa hesabu upya. Kila ukifuta.

Sasa angalia hiyo 20000. Ripoti nzima pamoja na takataka zake haifiki mistari 5,000. Aliyeandika aliweka 20,000 ili asipungukiwe mwezi ukiwa mkubwa. Lakini data ikiisha, kila mstari unaofuata ni mtupu, na mstari mtupu unafutwa! Zaidi ya robo tatu ya kazi yote ilikuwa ni kufuta mistari ambayo haina kitu, chini ya ripoti, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo laptopu ilipokuwa inagandia.

Kuchelewa kunaonekana na kila mtu analalamika. Lakini makro hiyohiyo ilikuwa na makosa mawili ambayo hayaonekani, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Kosa la kwanza liko kwenye kufuta kwa kuanzia juu kwenda chini. Tuseme mstari wa 62 ni mtupu, na wa 63 ni wa JUMLA ambao kwenye safu ya tarehe hauna kitu. Yote miwili inatakiwa ifutwe. Makro inafika 62, inaufuta. Ule wa 63 unapanda juu, sasa ndiyo umekuwa wa 62. Makro inaendelea na 63. JUMLA imeruka salama! Inabaki ndani ya data, na lita za mfugaji yule zinahesabiwa mara mbili. Si kwa wafugaji wote, ni kwa wale tu ambao juu ya JUMLA yao palitokea mstari mtupu. Ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Kosa la pili linaenda upande wa pili. Lita zilizoandikwa 8.5 L kwa Excel siyo namba, ni maandishi. Na fomula ya SUM ikikuta maandishi kwenye safu inayojumlisha, haipigi kelele wala haionyeshi kosa, inayaruka tu. Juu ya makro kulikuwa na sentensi hii: On Error Resume Next. Maana yake: ukikutana na tatizo, nyamaza, songa mbele. Watu wengi wanaiweka ili ule ujumbe wa kosa usitokee. Ni sawa na kuzima taa ya mafuta kwenye dashibodi ya pikipiki ili isikusumbue. Seli zilizoshindikana kugeuzwa kuwa namba zilibaki maandishi, na hakuna aliyeambiwa.

Piga hesabu mwenyewe. Mfugaji ambaye lita zake za jioni, 8.5 kila siku, zote zimeandikwa na hiyo herufi L, kwa siku 30 anakosa lita 255. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 255,000, pesa ya magunia kadhaa ya chakula cha ng'ombe. Na kwa kuwa mwenzake amehesabiwa mara mbili, jumla ya kikundi kizima inakuja karibukaribu na ile ya kiwanda. Wanaridhika. Makosa mawili yanafichana.

Njia ya haraka ya kulikamata hili kwa macho: kwenye Excel, kama hujabadilisha mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maandishi hukaa kushoto. Ukiona lita zimeegemea kushoto, shtuka.

Sasa tunarekebishaje?

Ukiuliza mtandaoni utaambiwa uzime uchoraji wa skrini (Application.ScreenUpdating = False) na uzime hesabu za papo kwa papo. Ni kweli makro itakimbia zaidi. Kwangu mimi hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu: bado unabeba nyanya moja moja, ila sasa unakimbia. Tena kuzima hesabu kuna hatari yake. Makro ikifia njiani kabla ya kuziwasha tena, Excel inabaki hivyohivyo na fomula hazijisasishi. Mtu anabadilisha lita, jumla inabaki ya zamani, naye anaiamini.

Dawa yenyewe ni kreti. Chukua ripoti nzima kwa mkupuo mmoja uiweke kwenye kumbukumbu ya kompyuta, isafishe hukohuko, kisha uimwage mara moja kwenye shiti nyingine. Safari mbili tu. Na badala ya kufuta mibaya, unachukua mizuri. Hili la pili ni muhimu kuliko linavyosikika. Takataka zina sura nyingi, na mwezi ujao kiwanda kitaongeza nyingine. Lakini mstari mzuri una sura moja: una tarehe kamili kwenye safu ya pili. Basi sheria yetu ni hiyo moja.

Andaa faili lenye shiti mbili, moja iite Ghafi, nyingine iite Safi. Kwenye Ghafi chagua seli zote uzipe fomati ya "Text" kabla ya kubandika chochote. Ripoti ifungue kwa Notepad, nakili yote, bandika kwenye Ghafi kuanzia seli ya A1. Usiifungue moja kwa moja na Excel, sababu nitaieleza chini. Safu ziwe hivi: A namba ya mfugaji (kwa mfano M014), B tarehe, C asubuhi au jioni, D lita, E hali, yaani yamepokelewa au yamekataliwa. Kisha makro ni hii:

Sub SafishaRipoti()
    Dim ghafi As Variant, matokeo() As Variant
    Dim mwisho As Long, i As Long, n As Long, kagua As Long
    Dim mfugaji As String, t As String, lita As String

    With Worksheets("Ghafi")
        mwisho = .Cells(.Rows.Count, 2).End(xlUp).Row
        ghafi = .Range("A1:E" & mwisho).Value
    End With
    ReDim matokeo(1 To mwisho, 1 To 5)

    For i = 1 To mwisho
        t = Nadhifu(ghafi(i, 2))
        If t Like "##/##/####" Then
            If Nadhifu(ghafi(i, 1)) <> "" Then mfugaji = Nadhifu(ghafi(i, 1))
            n = n + 1
            matokeo(n, 1) = mfugaji
            matokeo(n, 2) = DateSerial(Mid(t, 7, 4), Mid(t, 4, 2), Left(t, 2))
            matokeo(n, 3) = Nadhifu(ghafi(i, 3))
            lita = Replace(UCase(Nadhifu(ghafi(i, 4))), "L", "")
            lita = Trim(Replace(lita, ",", "."))
            If lita = "" Or lita Like "*[!0-9.]*" Then
                matokeo(n, 4) = "KAGUA"
                kagua = kagua + 1
            Else
                matokeo(n, 4) = Val(lita)
            End If
            matokeo(n, 5) = Nadhifu(ghafi(i, 5))
        End If
    Next i

    With Worksheets("Safi")
        .Cells.ClearContents
        .Range("A1:E1").Value = Array("Mfugaji", "Tarehe", "Kipindi", "Lita", "Hali")
        If n > 0 Then .Range("A2").Resize(n, 5).Value = matokeo
    End With
    MsgBox "Mistari safi: " & n & ". Ya kukagua: " & kagua
End Sub

Function Nadhifu(x As Variant) As String
    Nadhifu = Trim(Replace(CStr(x), ChrW(160), " "))
End Function

Usiogope urefu wake. Mambo machache tu ndiyo yanayohitaji maelezo.

Mwisho wa ripoti sasa unatafutwa na makro yenyewe: inaenda chini kabisa ya shiti, inapanda juu mpaka ikutane na kitu kwenye safu ya tarehe. Hakuna tena 20,000. Mwezi wa Februari na wa Machi inajirekebisha yenyewe.

Namba ya mfugaji inashikwa mkononi. Makro ikikuta M014 kwenye mstari wenye tarehe, inaikumbuka na kuiandika kwenye mistari yote inayofuata mpaka ikutane na namba nyingine. Ukurasa ukikatika katikati ya mfugaji, haipotei. Na kwa kuwa neno JUMLA halina tarehe pembeni yake, haliwezi kamwe kugeuzwa kuwa mfugaji.

Nadhifu inaondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni. Hiyo 160 ni aina ya nafasi inayotumika sana kwenye kurasa za mtandao: kwa macho ni sawa na nafasi ya kawaida, ila TRIM peke yake haiitambui. Ukiwahi kuona majina mawili yanayofanana kabisa lakini Excel inakataa kuwa yanafanana, mtafute huyu kwanza.

Kwenye lita nimeweka KAGUA makusudi. Mwenye kuingiza data kule kituoni anaweza kuandika herufi O badala ya sifuri, au kuacha patupu. Makro haina haki ya kukisia lita za mtu. Inakuambia "ya kukagua: 4", unazitafuta hizo nne, unatazama kadi ya mfugaji, unarekebisha. Angalizo kwa wanaotaka kuitumia kwa mahindi au parachichi: mimi nimegeuza mkato kuwa nukta kwa sababu mfugaji mmoja hapeleki lita elfu asubuhi moja. Kama ripoti yako ina kilo 1,250 kwa maana ya elfu moja mia mbili na hamsini, sehemu hiyo itakupa 1.25. Ibadilishe, ule mkato uufute badala ya kuugeuza.

Tarehe ndiyo imewaumiza wengi. 03/04/2025 kwetu ni tarehe tatu Aprili. Kwa Marekani ni tarehe nne Machi. Makro ikimwaga tarehe kwenye seli ikiwa bado ni maandishi, Excel inaisoma Kimarekani hata kama laptopu yako imepangwa kwa tarehe zetu. Cha ajabu, 25/04/2025 itasomeka vizuri, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo siku 12 za kwanza za mwezi zinaruka huku na huku, zilizobaki ziko sawa, na kichwa kinakuuma. DateSerial inamaliza ubishi: unaipa mwaka, mwezi na siku mwenyewe. Na ndiyo sababu nimesema usifungue ripoti moja kwa moja na Excel. Laptopu nyingi zinanunuliwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, na faili likifunguliwa tu, tarehe zimeshabadilika kabla makro haijaguswa.

Kwenye laptopu ileile ya katibu, kazi iliyokuwa inamruhusu aende kukata majani sasa inaisha kabla hajanyanyuka kwenye kiti.

Lakini haraka bila uhakika haikusaidii, kwa hiyo kila mwezi fanya ukaguzi huu kabla ya kuamini chochote. Kwanza, idadi. Wafugaji 60 wanaopeleka mara mbili kwa siku 30 ni mistari 3,600. Ukipata 3,581, lazima uwe na maelezo ya hiyo 19: nani hakupeleka, au tarehe gani iliandikwa kwa sura nyingine, kama 3/4/25, ikaachwa. Pili, jumla ya lita kwenye Safi ilinganishe na jumla kuu ya ukurasa wa mwisho wa ripoti, ukiangalia kama kiwanda kimejumlisha na yaliyokataliwa au la. Zikilingana, maana yake umesafisha vizuri, basi. Haina maana kwamba kiwanda kimeandika ukweli. Ukweli uko kwenye kadi na madaftari ya wafugaji, na hapo ndipo SUMIFS inapokuja: lita za kila mfugaji, zilizopokelewa peke yake na zilizokataliwa peke yake, mkae mlinganishe na daftari lake. Muda mliookoa utumieni hapo. Siku tatu zinatosha kabisa kama siku nzima haipotei kwa kusubiri laptopu.

Makro yoyote ikishafanya kazi, kitufe cha kurudisha nyuma hakikusaidii, kwa hiyo faili la kiwanda lihifadhi jinsi lilivyo na usiliandikie kitu. Siku ya ubishi utaulizwa hilo, siyo shiti yako safi.

Wasiopenda kabisa kuandika makro, Excel ya 2016 na kuendelea ina Power Query kwenye sehemu ya Data. Unaionyesha hatua mara moja, ikiwemo ile ya kujaza namba ya mfugaji kwenda chini, na mwezi ujao unabonyeza kuonyesha upya tu. Kwa kikundi kinachoanza leo, mimi ningeanzia huko. Kwa ambao makro wanayo tayari na katibu ameizoea, kuitengeneza ni rahisi kuliko kufundisha upya.

Mwisho, mambo ya vifaa. Faili lihifadhi kwa aina ya .xlsm, ukihifadhi .xlsx makro inapotea. Kwenye Excel ya simu makro hizi hazifanyi kazi, wala kwenye Google Sheets, kwa hiyo lazima kompyuta ipatikane. Na ukitumiwa faili lenye makro kwa barua pepe au ukalipakua mtandaoni, Excel za kuanzia 2022 zinalizuia zenyewe. Unaweza kuliruhusu kwa kubofya faili kitufe cha kulia, kisha Properties, kisha Unblock, ila fanya hivyo kama tu unamfahamu aliyelituma na umemuuliza kwa mdomo. Makro inaweza kufuta mafaili yako kama inavyofuta mistari.

Wiki ijayo tunarudi bandani: kupe, na jinsi ya kupanga ratiba ya kuogesha msimu wa mvua.